JE, WAJUA? Richard Ernst, fundi aliyeifanya atomi isikike

Safari hii safu yetu inamhusu mtu mmoja: Richard Robert Ernst, mkemia wa Uswisi aliyefariki mwaka 2021. Hakugundua dawa, sayari wala elementi mpya. Alitengeneza njia ya kupimia. Njia hiyo leo inatumika katika maabara za kemia ulimwenguni kote na, kwa sura nyingine, katika kila hospitali yenye mashine ya MRI. Watu wa aina yake hawasifiwi inavyostahili, na ndiyo maana tumempa ukurasa mzima.

KWANZA, SAYANSI YENYEWE

1. Je, wajua kwamba kiini cha atomi ya hidrojeni kina tabia ya sumaku ndogo? Ukikiweka katikati ya sumaku kubwa, kinayumba kwa mwendo maalumu, na mwendo huo unaangukia kwenye masafa ya mawimbi ya redio. Kwenye sumaku yenye nguvu ya tesla 1, ni karibu mizunguko milioni 42.6 kwa sekunde. Sumaku ikiongezwa nguvu mara mbili, mwendo nao huongezeka mara mbili.

2. Wataalamu huliita jambo hili resonansi ya sumaku ya nyuklia, kwa kifupi NMR. Lilionekana katika vitu vya kawaida mwishoni mwa 1945 na mwanzoni mwa 1946, na makundi mawili ya Marekani, kila moja kwa njia yake. Edward Purcell wa Harvard na wenzake walitumia nta ya parafini. Felix Bloch wa Stanford na wenzake walitumia maji. Bloch na Purcell waligawana Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 1952.

3. Bloch alizaliwa Zurich mwaka 1905 na kusoma katika chuo cha ETH cha mji huo. Alikuwa Myahudi, na mwaka 1933 Wanazi walipotwaa madaraka aliondoka Ujerumani alikokuwa akifundisha. Mwaka huohuo, tarehe 14 Agosti, Richard Ernst alizaliwa Winterthur, mji ulio jirani na Zurich. Yeye naye angesoma ETH, na yeye naye angevuka bahari kwenda California.

4. Kwa nini wanakemia waliipenda NMR? Kwa sababu kila atomi huathiriwa na majirani zake, kwa hiyo hujibu kwa masafa yanayotofautiana kidogo na ya nyingine. Mwaka 1951 watafiti wa Stanford walipima ethanoli, ile pombe ya kawaida, wakapata vilele vitatu vyenye uwiano wa 3:2:1. Ndivyo hidrojeni za ethanoli zilivyojipanga: tatu kwenye kaboni moja, mbili kwenye kaboni ya pili, na moja kwenye oksijeni. Muundo wa molekuli ukasomeka bila mtu kuivunja molekuli yenyewe.

5. Tatizo lilikuwa unyonge wa ishara. Viini vinavyoelekea upande wa sumaku na vinavyoelekea kinyume karibu vinalingana kwa idadi, na athari zao hufutana. Kwenye mashine ya megahezi 60 (mizunguko milioni 60 kwa sekunde) ya enzi hizo, katika kila viini milioni moja, ziada ilikuwa kama 5 tu. Mashine nzima ilitegemea hivyo vitano.

KIJANA WA WINTERTHUR

6. Je, wajua kwamba kila kitu kilianzia darini? Ernst akiwa na miaka 13 alikuta darini kwao kasha lililojaa kemikali. Lilikuwa la mjomba wake, mhandisi wa metali aliyekuwa amefariki mwaka 1923, mtu aliyependa kemia na upigaji picha. Kijana akaanza kuchanganya kila alichoweza kuchanganya. Mengine yalilipuka, mengine yalijaza nyumba hewa isiyovutika, na wazazi wake wakaishi kwa hofu. Alipoona amenusurika, alifuata hatua ya busara: alitafuta vitabu vya kemia akavisoma vyote alivyovipata.

7. Kabla ya kemia kumteka, alitaka kuwa mtunzi wa muziki. Alipiga selo tangu utotoni, na mapenzi hayo hayakumtoka maisha yake yote.

8. Masomo ya chuo hayakumridhisha. Alipoingia ETH aliona kemia inafundishwa kama orodha ya mambo ya kukariri. Alichokitaka, yaani fizikia iliyo chini ya kemia, alikipata kwa kujisomea mwenyewe. Alihitimu mwaka 1957.

9. Kwa shahada ya uzamivu, aliyoipata mwaka 1962, alifanya kazi na Hans Primas, mtaalamu wa nadharia, na sehemu kubwa ya muda wake ilikwenda kwenye kuunda vifaa vya NMR kwa mikono yake. Alipomaliza alihisi amekuwa kama anafanya kazi isiyo na watazamaji, na akaapa kuondoka chuoni moja kwa moja. Alitafuta ajira ya viwandani.

CALIFORNIA, 1963 HADI 1968

10. Mwaka 1963 alioa, na mwaka huohuo yeye na mkewe Magdalena walihamia Palo Alto, hatua chache kutoka Stanford. Aliajiriwa na Varian Associates, kampuni iliyokuwa ikitengeneza mashine za NMR. Huko alikutana na Weston Anderson, aliyekuwa tayari anaumiza kichwa juu ya namna ya kupima masafa mengi kwa wakati mmoja.

11. Zamani mashine ya NMR ilipita masafa moja baada ya jingine, polepole, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Upimaji mmoja ungeweza kuchukua dakika nyingi, na sehemu kubwa ya muda huo mashine ilikuwa inapita mahali pasipo na kitu.

12. Ernst na Anderson walifanya kinyume. Fikiria kanuni, kile chombo cha taarab chenye nyuzi tele. Fundi anaweza kuugusa uzi mmoja mmoja na kuandika sauti yake. Anaweza pia kuzipitia nyuzi zote kwa mkupuo, akanasa ule mchanganyiko wa sauti, kisha hisabati ikamtenganishia sauti ya kila uzi. Wao walivipiga viini vyote kwa pigo moja fupi la mawimbi ya redio, wakarekodi mlio uliokuwa ukififia, halafu wakauchambua. Jaribio lilifaulu mwaka 1964.

13. Hisabati hiyo ni ya Joseph Fourier, Mfaransa aliyeichapisha katika kitabu chake kuhusu joto mwaka 1822. Fourier huyuhuyu aliwahi kuishi Misri: alifuatana na jeshi la Napoleon mwaka 1798 na akawa katibu wa taasisi ya sayansi iliyoundwa Cairo.

14. Faida yake inahesabika. Tuseme upimaji wa zamani unachukua sekunde 500, na pigo moja linachukua sekunde 1. Ndani ya muda uleule unapata mapigo 500 ya kujumlisha. Ishara hukua mara 500, lakini kelele za mashine hukua kwa kipeuo cha pili cha 500 tu, yaani kama mara 22. Kwa hiyo usikivu unaongezeka mara 22 bila kuongeza hata sekunde moja.

15. Je, wajua kwamba makala yao ilikataliwa mara mbili? Jarida la fizikia ya kemia walilolipelekea liliirudisha, wakaituma tena, ikarudishwa tena. Hatimaye ilichapishwa mwaka 1966 katika jarida linalohusu vifaa vya kisayansi. Robo karne baadaye, kazi hiyo ndiyo iliyotajwa mbele ya mfalme wa Sweden.

16. Hata soko halikuharakisha. Kompyuta za miaka ile zilijaza chumba na bei yake ilitisha, na bila kompyuta hakuna wa kuuchambua ule mlio. Mashine ya kwanza ya biashara iliyotumia njia hii ilitoka mwaka 1969, na aliyeitoa alikuwa mshindani, kampuni ya Bruker.

17. Kaboni ndiyo iliyonufaika kuliko zote. Kaboni ya kawaida, yenye uzito wa 12, haitoi ishara yoyote ya NMR. Inayotoa ni kaboni 13, na hiyo ni asilimia 1.1 tu ya kaboni yote duniani. Kwa njia ya zamani, kuipima ilikuwa kazi ya wachache wenye subira ya ajabu. Kwa njia ya mapigo, leo mwanafunzi wa uzamili anaipima kabla ya chakula cha mchana.

KURUDI ZURICH

18. Mwaka 1968 Ernst alirudi Uswisi kwa kupitia Asia. Huko Nepal aliiona thangka, michoro ya kidini ya Kitibeti inayochorwa juu ya kitambaa, akanunua mmoja. Huo ukawa mwanzo wa mkusanyiko mkubwa na wa mapenzi ya maisha yote.

19. Kiapo cha kuacha chuo nacho kikavunjika: ETH walimpa kundi la NMR aliongoze, na mwaka 1976 akawa profesa kamili.

20. Mwaka 1971, kwenye mafunzo ya kiangazi huko Basko Polje, Yugoslavia, Jean Jeener wa Brussels alieleza wazo jipya: piga mapigo mawili badala ya moja, na ubadilishe muda kati yake hatua kwa hatua. Matokeo hayawi tena mstari wenye vilele. Yanakuwa kama ramani, yenye urefu na upana. Jeener hakulichapisha wazo lake. Mwanafunzi wa Ernst aliyekuwepo alirudi nalo Zurich.

21. Ernst na wanafunzi wake walilifanyia kazi wazo hilo, wakapata matokeo ya kwanza mwaka 1974 na kuchapisha nadharia kamili mwaka 1976, pamoja na Walter Aue na Enrico Bartholdi. Katika hotuba na maandishi yake Ernst alimtaja Jeener kuwa ndiye chanzo. Angeweza kunyamaza, kwa kuwa hapakuwa na makala ya Jeener ya kumsuta. Hakunyamaza.

22. Ramani hiyo inaeleza nini? Nukta ikitokea mahali ambapo mistari ya atomi mbili inakutana, maana yake atomi hizo zinahusiana. Kuna aina ya jaribio inayoonyesha atomi zilizounganishwa kwa vifungo vya kemia, na aina nyingine inayoonyesha atomi zilizokaribiana angani hata kama hazijaungana. Kusanya nukta za kutosha na unaweza kuijenga molekuli nzima kwa umbo lake.

23. Hapo ndipo alipoingia jirani yake wa ETH, Kurt Wüthrich. Kwa takriban miaka 10 tangu 1976 walishirikiana kuzielekeza njia hizi kwenye protini. Wüthrich alipotoa umbo la protini ya kwanza katikati ya miaka ya 1980, baadhi ya wataalamu hawakuamini. Basi yeye na Robert Huber, bingwa wa njia ya miali ya X, walichukua protini moja, tendamistat, kila mmoja akaipima kivyake. Majibu yalilingana. Wüthrich alipata Nobel ya Kemia mwaka 2002.

24. Je, wajua kwamba hata picha ya MRI ina alama ya mkono wa Ernst? Paul Lauterbur alichapisha mwaka 1973 namna ya kupata picha kwa NMR, na jarida la Nature lilikuwa limemkatalia kwanza. Ernst alimsikiliza Lauterbur akihutubia huko Raleigh, Marekani, mwaka 1974, akaona papo hapo kwamba hisabati ya Fourier ingeipata picha hiyo kwa njia bora zaidi. Mwaka 1975, pamoja na Anil Kumar kutoka India na Dieter Welti, alichapisha njia hiyo. Watafiti wa Aberdeen, Scotland, waliiboresha mwaka 1980, na mashine za hospitali za leo zinafuata msingi huo.

25. Mashine ya MRI haitumii miali ya X. Inatumia sumaku na mawimbi ya redio tu. Kwenye mashine ya tesla 1.5, masafa yake ni karibu megahezi 64, chini kidogo ya stesheni za FM unazozisikiliza nyumbani.

TUZO

26. Siku Nobel ya Kemia ya mwaka 1991 ilipotangazwa, mshindi hakupatikana kwa simu. Alikuwa angani juu ya bahari ya Atlantiki, akitoka Moscow kwenda New York, ambako yeye na Wüthrich walikuwa wakisubiriwa kupokea tuzo nyingine. Rubani ndiye aliyemletea habari, akamkaribisha kwenye chumba cha marubani apokee pongezi kwa redio.

27. Nobel hiyo aliipata peke yake. Ukiyasoma aliyoyaandika kuhusu maisha yake, utaona jinsi anavyowataja Anderson, Jeener, Wüthrich na wanafunzi wake, mmoja baada ya mwingine.

28. Resonansi ya sumaku imeleta tuzo za Nobel katika fani tatu. Fizikia: Isidor Rabi mwaka 1944, kisha Bloch na Purcell mwaka 1952. Kemia: Ernst mwaka 1991 na Wüthrich mwaka 2002. Tiba: Lauterbur na Peter Mansfield mwaka 2003. Ni sayansi chache zilizovuka mipaka hivyo.

NDANI YA MAABARA

29. Mashine ya NMR ukiiona ni kama pipa kubwa la chuma linalong'aa, limesimama kwa miguu mitatu au minne. Sumaku iliyo ndani ni waya uliozamishwa kwenye heliamu ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Kwa baridi hiyo umeme huzunguka kwenye waya miaka na miaka bila kupungua nguvu. Nje ya heliamu kuna tabaka la naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri.

30. Sampuli yenyewe ni ndogo mno. Miligramu chache za unga huyeyushwa kwenye kimiminika kisichozidi mililita 1, hutiwa kwenye kijaribio chembamba cha kioo chenye kipenyo cha milimita 5, na kijaribio hicho hushushwa taratibu juu ya mto wa hewa hadi katikati ya sumaku. Upimaji ukiisha, unaitoa sampuli ikiwa salama. Kwa mtu aliyekesha miezi akichuja mizizi ili apate zile miligramu, hiyo si faida ndogo.

31. Je, wajua kwamba muarobaini uliwahenyesha wanakemia kwa miaka mingi? Kiungo chake kinachofukuza wadudu, azadirakitini, kilitenganishwa kutoka kwenye mbegu mwaka 1968. Kina atomi 95: kaboni 35, hidrojeni 44 na oksijeni 16. Muundo uliopendekezwa mwaka 1975 uligundulika kuwa na kasoro, na ulio sahihi ulipatikana katikati ya miaka ya 1980 kwa msaada wa NMR na miali ya X. Kuutengeneza kwenye maabara kulikamilika mwaka 2007 Cambridge, baada ya kazi ya miaka 22.

32. Kwa hiyo kila mwanakemia wa Afrika Mashariki anayechunguza mitishamba, akisema "tumepata muundo wa kiungo hiki," karibu kila mara anazungumzia ramani za NMR za aina aliyoianzisha Ernst. Maneno ya mganga kwamba mti fulani unatibu hayatoshi kutengeneza dawa. Lazima ijulikane ni molekuli ipi, na atomi zake zimekaaje.

33. Mashine ya MRI ya hospitali inaweza pia kupima kemia ya mwili bila kuchoma sindano. Badala ya picha, daktari hupata mchoro wa vilele kutoka sehemu ndogo ya ubongo. Kilele kirefu kuliko vyote katika ubongo wenye afya ni cha kemikali iitwayo asetili-aspateti, iliyomo ndani ya seli za neva. Kikishuka, ni dalili kwamba seli hizo zimedhoofika au zimekufa.

UZEENI

34. Ernst alistaafu mwaka 1998, lakini maabara haikufungwa, ilihamia nyumbani. Alipanga vifaa vya kupimia kwa mwanga wa leza huko Winterthur na kuanza kuchunguza rangi za zile thangka: rangi ipi imetokana na madini gani, ipi ni ya kale na ipi iliongezwa baadaye na mrekebishaji. Vifaa vilikuwa vingine, udadisi ulikuwa uleule.

35. Alifariki tarehe 4 Juni 2021 katika mji aliozaliwa, akiwa na umri wa miaka 87.

36. Na hili ndilo tunalotaka ulibebe. Ernst alijiona kuwa mtengeneza zana kwa ajili ya wengine, na aliona hiyo ni kazi ya heshima. Katika vyuo vyetu, anayeandika makala hupandishwa cheo, na fundi anayekesha akikitengeneza kifaa kilichotoa matokeo ya makala hiyo mara nyingi hata jina lake haliandikwi. Anayetaka sayansi ya Afrika Mashariki ikue na aanze hapo: amlipe fundi vizuri, ampe mwanafunzi nafasi ya kufungua mashine na kuielewa, na aandike jina la kila aliyechangia. Ernst aliyataja majina ya wenzake wote na hakupungukiwa na kitu.